Medali ya Mlengaji wa Shoto

Sanduku la medali lilifika Gadenstätt siku ya Alhamisi, na Nesa Flütsch akaliona likifunguliwa kwa sababu tu alikuwa amepeleka mikate.

Wajumbe wa kamati walikuwa wamekusanyika katika chumba cha nyuma cha banda la shabaha, chumba cha kunywea, penye kabati la vioo lililojaa vikombe na medali za tangu enzi za mababu. Mwenyekiti wao, Jöri Thöny, fundi wa kupaka rangi nyumba, alikata kamba kwa kisu cha jibini. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na ndiyo sababu walimpa uenyekiti. Kwa bunduki hakuwa lolote.

"Taratibu, Jöri, hiyo si mifuko ya saruji."

"Nyamaza wewe. Hii ni fedha tupu. Utaipokea kwa mikono miwili, kama unapewa mtoto mchanga."

Kila medali ilifungwa katika karatasi laini. Upande mmoja lilichongwa kanisa la Gadenstätt na mlima nyuma yake, pamoja na jina la sherehe ya kulenga shabaha. Upande wa pili palikuwa na mwanamume amelala kifudifudi, bunduki begani, analenga. Alikuwa na ndevu, na ndevu zile kila mtu alizijua. Zilikuwa za Hitsch Valär, mwalimu wa shabaha, ambaye ndiye aliyewafundisha wote waliokuwamo mle ndani kulala, kupumua na kufyatua. Mwaka uliotangulia kamati ilikuwa imeamua kwamba safari hii haitaki shujaa wa kale mwenye upinde, wala mama mwenye ngao na mkuki. Ilitaka mtu wa nyumbani. Jöri akampiga Hitsch picha, akazisafisha mwenyewe katika chumba cha chini nyumbani kwake, akachagua moja na kuituma kwa mchongaji mjini pamoja na filamu yake.

Medali zikapita mkono kwa mkono.

"Hitsch, humu umekuwa kijana kabisa."

"Pua wameipunguza. Fedha haikutosha."

"Ndevu wameziacha zote, jamani. Hata ile ya supu ya jana."

Nesa naye alipewa moja aitazame. Vidole vyake vilikuwa bado na unga. Aliigeuza, akaona kanisa, akaigeuza tena, akamwona yule mtu, na mara akaona kitu ambacho wengine walikuwa hawajakiona. Hakusema. Kusema mbele ya watu kulimshinda tangu utotoni, na hapo palikuwa na wanaume saba na chupa tatu za mvinyo.

Medali ikamfikia Hitsch mwenyewe. Aliipeleka mbali na macho, akaileta karibu, akaipeleka tena mbali. Masikio yake yakawa mekundu.

"Picha imegeuzwa," alisema.

"Imegeuzwa vipi?"

"Bunduki iko bega la kushoto. Hamwoni? Jöri, uliiweka filamu kinyume. Kulia umekufanya kushoto."

Wanaume wazima wakaanza kuinua mikono, kila mmoja akishika bunduki isiyokuwepo, akiiweka bega hili, akiihamisha bega lile, huku akichungulia medali iliyo mezani. Walipomaliza walitazamana.

"Mungu wangu. Ana shoto."

"Mia nne za shoto. Zimelipiwa."

"Watu wa bonde la chini watacheka mpaka Krismasi."

Jöri alikaa chini. "Mimi nilitazama ndevu," alisema polepole. "Nilichagua ile ambayo ndevu zimekaa vizuri."

Hapo vichwa vikamgeukia Nesa, kwa kuwa katika chama kizima cha walengaji ni yeye tu aliyekuwa na shoto.

"Nesa, umefurahi, eh? Umepata ndugu."

"Mnyoe ndevu huyo, ni Nesa mtupu."

Nesa alicheka kidogo, kwa adabu, akachukua kikapu chake akatoka. Medali ilibaki mkononi mwake. Hakuna aliyeikumbuka.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, anauza mkate katika duka la mwokaji, jirani na kanisa. Kisu cha mkate kimenolewa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia, kwa hiyo vipande vyake vilitoka vyembamba juu, vinene chini. Wateja walikuwa wamezoea. "Nikatie ule wa Nesa," walisema, "ule wa kupanda mlima." Jicho lake la kulia liliharibiwa na surua alipokuwa mdogo. Hakuwa kipofu, ila kwa jicho hilo aliona dunia kama mtu anayechungulia dirisha la jiko wakati viazi vinachemka.

Baba yake alipofariki, aliichukua bunduki yake na kujiunga na chama. Siku ya kwanza alilala kama mwili ulivyomwongoza, kitako cha bunduki kwenye bega la kushoto, jicho zima nyuma ya kilengeo. Hitsch Valär alimgusa kisigino kwa ncha ya kiatu.

"Geuka, binti."

Alikuwa na sababu zake, na zilikuwa sababu za kweli. Katika banda walengaji hulala kwa mshazari, miguu yote ikielekea kushoto, kama samaki kwenye sahani. Mmoja akilala kinyume, miguu yake inaingia katikati ya miguu ya jirani. Tena bunduki ya jeshi, kama hiyo ya baba yake, ina kishikio cha kukokea upande wa kulia, na mwenye shoto inambidi ajinyooshe kukifikia. Nesa aligeuka. Miaka minane aliilenga shabaha ya mita mia tatu kwa jicho la mvuke, na alama zake zilikuwa za wastani, mwaka baada ya mwaka, hazishuki wala hazipandi. Hakuwahi kupata taji la kofia, lile la majani wanalovishwa walengaji bora. Hakuwahi kupata medali.

Katika mkutano wa majira ya baridi alikuwa amesimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaomba aruhusiwe mara moja tu, siku ya sherehe, kulala kwa upande wake. Sauti ilimwishia kabla ya sentensi kwisha. Hitsch alimjibu bila ubaya wowote.

"Nikimruhusu mmoja, kesho yupo wa pili, na keshokutwa humu ndani ni mateke tu."

Watu walicheka, wakaendelea na suala la soseji. Lakini haja yake haikuondoka. Haikuwa haja kubwa. Alitaka risasi kumi kwa jicho linaloona.

Jioni ile ya Alhamisi aliiweka medali juu ya meza ya jikoni, chini ya taa. Mama yake, Burga, alikuwa anamenya viazi. Kifuani alivaa, kama siku zote, bizimu lililotengenezwa kwa sarafu ya fedha ambayo babu yake aliishinda kwa bunduki katika sherehe ya zamani. Juu yake palikuwa na shujaa wa upinde, aliyesuguliwa na sabuni ya miaka mingi hata uso ukamtoka.

"Wanasema picha imegeuzwa," Nesa alisema.

"Nimesikia. Habari imefika kabla yako. Maskini Jöri."

"Haikugeuzwa, mama."

Burga aliacha kumenya. Nesa alichukua ufagio, akabana kibanio cha nguo upande wa kulia wa mpini. "Hiki ndicho kishikio cha kukokea," alisema. Akalala sakafuni, ufagio bega la kulia. "Simama kushoto kwangu, upande uso unakoonekana, kama kwenye medali. Unakiona kibanio?"

"Sikioni. Mpini umekificha."

"Sawa. Mtu wa kulia akipigwa picha toka upande huo, kishikio hakionekani. Ukiigeuza picha, bado hakitaonekana. Kwa sababu hakimo." Akahamisha ufagio bega la kushoto. "Sasa pita upande wangu wa kulia."

"Sasa nakiona. Kiko mbele ya pua yako."

Nesa aliinuka, akamsogezea medali. Karibu na shavu la yule mtu wa fedha, palitokeza kitu kidogo kama punje ya dengu. Mchongaji alikuwa amekitia kwa uangalifu, bila kujua ni nini. Nesa alikijua. Ndicho alichojinyoosha kukifikia siku ile ya kwanza, kabla ya kuguswa kisigino.

"Kwa hiyo Hitsch mwenyewe alilala hivi," Burga alisema.

"Ndiyo."

Burga aliketi. Alikiweka kiazi mezani. "Shuleni nilikaa nyuma yake," alisema. "Mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwenye benchi kwa kamba ya kiatu. Majira yote ya baridi. Alikuwa anaandika kwa mkono wa kulia na wino unadondoka kila mahali, halafu anachapwa kwa sababu ya wino. Nilikuwa nimekwisha kusahau. Nadhani kila mtu amesahau."

"Yeye hajasahau."

"Basi unayo sasa, mwanangu. Nenda kawaambie. Au mwambie yeye tu, peke yake, uone kama siku ya sherehe hulali unavyotaka."

Nesa alikibandua kibanio toka kwenye ufagio, akakirudisha kwenye kikapu cha nguo.

"Sitaki kulala kwa njia hiyo," alisema.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya kwa Jöri Thöny. Kule bucha walimpa soseji zilizofungwa karatasi ndani nje. Pale baa, alipoingia, watu walimpa mkono wa kushoto, mmoja baada ya mwingine, kwa nyuso za msibani. Mtu aliigeuza ngazi yake ya kazi juu chini ukutani pa nyumba aliyokuwa akiipaka, na mwingine akamuuliza kwa upole kama mlango nao ataupaka kwa ndani. Mwanzoni alijibu mapigo. Kufikia Jumatatu alinyamaza. Kutengeneza medali nyingine haikuwezekana, siku zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo kamati ilimtaka aombe radhi kwenye hotuba ya mchana siku ya sherehe. Tangu hapo hakuja tena dukani kununua mkate. Alikuja mkewe, na mkewe hakuongea.

Nesa alimkatia mkate wake bila kukosea hata kipande kimoja, akiinamisha kisu kwa kukisia, mpaka vipande vikatoka sawa juu na chini. Mke wa Jöri hakuona. Nesa alijua huo haukuwa msaada wowote.

Jumatano alasiri, akiwa na mkate mmoja chini ya kwapa, alipanda njia ya kwenda banda la shabaha. Nyasi zilikuwa zimekatwa siku hiyo na harufu yake ilijaa mteremko mzima. Hitsch alikuwa peke yake, anatandika mikeka ya kulalia, yote kwa mshazari mmoja, anapima kwa macho, anasahihisha kwa mguu. Alikuwa na miaka zaidi ya sitini na bado aliinama bila kushika goti.

"Duka limefungwa mapema leo?" aliuliza.

"Nimeomba ruhusa, Mwalimu."

"Mkate wa nini? Sijaagiza."

Nesa aliuweka kwenye meza ya risasi. Aliitoa medali mfukoni akaiweka kando ya mkate. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, na yote yalikuwa yamekimbia isipokuwa machache.

"Kishikio kinaonekana," alisema.

Hitsch hakuishika medali. Alikuwa ameinamia mkeka wa sita, akabaki hivyo hivyo, ameinama, kama mtu aliyesikia mlio na anangoja usikike tena. Kisha akanyooka.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama."

"Burga." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Burga alikaa nyuma yangu darasani."

"Ameniambia."

Kwa nje ng'ombe wa mtu fulani walipita, kengele zikalia, zikapotea nyuma ya banda. Hitsch alienda dirishani.

"Jöri aliniambia nilale hapa, niuelekeze uso kwenye mwanga. Nikalala. Sikufikiri chochote, maana hapakuwa na risasi wala shabaha, ilikuwa picha tu. Na nikaona..." Alitafuta neno. "Nikaona pamekaa vizuri. Basi. Nikainuka, nikasahau. Niliposhika ile medali mbele ya watu, mdomo ulisema wenyewe."

Nesa aliisogeza medali kidogo juu ya meza.

"Haya, sema," Hitsch alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kidogo. "Umepanda mlima. Unataka nini?"

Ilikuwa pale, wazi, mlango mzima umefunguliwa. Nesa aliitazama mikeka minane iliyolala upande mmoja.

"Jöri haji tena dukani," alisema.

"Jöri ana ngozi ngumu."

"Hana, Mwalimu. Ana maneno mengi tu."

Akachukua medali, akaacha mkate, akashuka. Kwenye kona ya kwanza alisimama akajishika kichwa. Maneno mawili tu yalihitajika kuomba bega lake. Mtoto wa chekechea angeyasema.

Jumapili mvua iliamka na watu. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa imekusudia kukaa. Bendi ilipiga chini ya turubai, bendera za vyama vya bonde zilining'inia kama mataulo, na moshi wa soseji haukupanda, ulitembea chini kwa chini kati ya miguu ya wageni. Medali ziliuzwa kwenye meza yenye kitambaa chekundu, na watu walizinunua kwa wingi kuliko kawaida, huku wakichekelea. Jöri alisimama kando akiwa na kofia mpya na karatasi ya hotuba ndani ya koti. Kila baada ya muda aliigusa, kuona kama bado ipo.

Zamu ya Gadenstätt ilikuwa saa nne. Risasi kumi kwa kila mtu, na atakayefikisha alama themanini na nane atavishwa medali kama tuzo, bila kuinunua. Walengaji waliingia bandani wakipangusa maji. Nesa aliingia wa mwisho, bunduki ya baba yake mkononi.

Aliuona mkeka kabla ya kitu kingine. Njia ya nane ya kulengea ilikuwa ya mwisho upande wa kulia, karibu na mlango wa ubavuni, mlango ambao siku zote ulikuwa umefungwa na kuwekewa kiango cha makoti. Sasa kiango hakikuwepo. Mlango ulikuwa wazi, mvua inaonekana. Na mkeka wa nane ulikuwa umelazwa kinyume cha mingine yote.

Jöri naye aliuona. "Hitsch, mkeka wa nane umekaa kombo."

"Umekaa sawa."

"Miguu ya mtu itatokea nje."

"Ndiyo maana nimefungua mlango." Hitsch alisimama wima, akasoma majina kwa sauti yake ya kila mwaka, la kwanza, la pili, mpaka la saba. Halafu akasema, "Nesa Flütsch, njia ya nane. Bega ulitakalo."

Mlengaji mmoja wa bonde la chini, aliyekuwa anangoja zamu yake akila soseji, akacheka kwa nguvu. "Aa, sasa nimeelewa! Wamechapa medali, kisha wakatafuta mtu wa kufanana nayo."

Uso wa Jöri ukang'aa. Kwa mara ya kwanza wiki nzima alionekana kama Jöri. "Sikilizeni! Kwani hilo ni wazo baya? Nitasema medali ni ya Nesa wetu. Nitasema tulikusudia tangu mwanzo. Nesa, wewe utapunga mkono tu, hutasema kitu."

Nesa alihisi watu wote wakimtazama, na miguu yake ikataka kurudi ilikotoka. Kulala pale kama sanamu ya maonyesho, ili kamati isione aibu, hilo hakuwa ameliomba. Alianza kuishusha bunduki.

"Hutasema hivyo," Hitsch alisema. "Kwenye medali ni mimi."

"Ni wewe, bwana, lakini kinyume."

"Si kinyume. Filamu hukuigeuza, Jöri. Nililala hivyo mwenyewe. Mimi nina shoto tangu nilipozaliwa, na nilidanganya."

Hata yule wa soseji aliacha kutafuna. Jöri aliitoa ile karatasi ya hotuba kwenye koti, akaitazama, akamtazama Hitsch.

"Mimi nimetukanwa bonde zima."

"Najua."

"Mke wangu ananiwekea uma na kisu kinyume! Mezani! Nyumbani kwangu!"

"Nilisikia."

"Ulisikia, ukanyamaza." Jöri aliikunja karatasi mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. "Utaninunulia mvinyo mpaka uzeeke."

"Nimekwisha kuzeeka."

"Basi mpaka ufe!" Watu wakacheka, na Jöri, ambaye hakuwa amekusudia kuchekesha, akaona wamecheka, akajikuta amecheka kidogo naye. Lakini hakumpa Hitsch mkono. Alisema ataufikiria mkono Jumatatu.

"Walengaji, laleni," Hitsch alisema.

Nesa alilala. Miguu ikapita mlangoni, ikatoka nje mpaka juu ya magoti. Akaweka kitako kwenye bega la kushoto, shavu likapata mahali pake, na akafungua jicho zima nyuma ya kilengeo.

Shabaha ilikuwa duara. Hicho ndicho kilichomshangaza. Miaka yote alijua kwamba ni duara, alikuwa ameziona za karatasi kwa karibu, amezigusa. Lakini kule ng'ambo, mita mia tatu, kwake ilikuwa daima kama doa la kahawa lililofutwa kwa kitambaa kilicholowa. Sasa ilikuwa na ukingo. Aliona hata matone yakipita mbele yake.

Risasi ya kwanza aliiharibu. Wakati wa kukoki alijinyoosha vibaya, kiwiko kikateleza, na pumzi ikamponyoka alipofyatua. Kule handakini, chini ya shabaha, waonyeshaji wa alama waliinua bango: sita. Nyuma yake mtu aliguna. Ya pili ilikuwa nane. Ya tatu tisa. Baada ya hapo hakuzisikiliza tena za wengine. Alikoki, akapumua, akangoja ukingo utulie, akafyatua, na bango jeupe kule mbali likapanda na kupunga, likashuka, likapanda. Alishangaa kwamba miguu yake hailowi. Alidhani mvua imekata.

Alipomaliza alibaki amelala kidogo, shavu kwenye mbao, kwa sababu hapakuwa na haraka. Kisha akajigeuza.

Mvua haikukata. Ilikuwa imezidi. Hitsch Valär alisimama nje ya mlango, katika nyasi, ameshika mwavuli mkubwa wa bendi juu ya miguu ya Nesa. Yeye mwenyewe hakuwa na kitu kichwani. Maji yalimwagika kwenye ndevu zake yakaingia kwenye ukosi.

"Themanini na saba," alisema.

Moja pungufu. Nesa alitikisa kichwa kukubali, akainuka, akatoka mlangoni na kusimama kando yake.

"Ile ya kwanza ulikiogopa kishikio."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Usikifuate kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ukae, usihame kwenye bunduki kabisa. Koki kwa wa kulia, kiwiko kikibaki chini. Hivi." Aliubana mwavuli kwapani ili mikono yote miwili iwe huru, akamwonyesha hewani, polepole, kisha kwa kasi, mwendo mmoja laini usio na mshtuko, kama mtu aliyeufanya maelfu ya mara mahali ambapo hakuna anayemwona. Mwavuli ulikuwa umeelekea upande, na sasa mvua iliwanyeshea wote wawili.

Nesa alitaka kumuuliza aliujifunza lini. Aliuona uso wake, hakuuliza. Akaurudia mwendo ule hewani, naye akamsahihisha kiwiko, wakaurudia tena, mpaka mtu toka ndani akapiga kelele kwamba zamu ya bonde la chini inangoja na mlango unaingiza baridi.

Chini ya turubai Burga alikuwa amemwekea kiti na sahani ya soseji na mkate. Mkate ulikuwa wa kupanda mlima. Alimtazama binti yake toka nywele hadi viatu.

"Wamesema moja pungufu."

"Moja, mama."

"Na umelowa chapachapa."

"Ni mvua ya baadaye tu," Nesa alisema, akakaa na kuchukua mkate. "Nilipokuwa nalenga nilikuwa mkavu."